Jirani Mwenye Daftari: Wahudumu wa Afya ya Jamii katika Milima ya Rwanda tangu 1995

Historia ya afya nchini Rwanda baada ya 1994 husimuliwa mara nyingi kupitia sera, wafadhili na takwimu za wizara. Katika insha hii ninaitazama kutoka upande wa abajyanama b'ubuzima, yaani wahudumu wa afya ya jamii wanaofuatilia magonjwa vijijini. Hoja yangu ni kwamba takwimu hizo zinategemea imani kati ya majirani, na kwamba imani hiyo imejengwa kwa kazi isiyo na mshahara.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliwaua au kuwatawanya watumishi wengi wa afya. Mwaka 1995 Wizara ya Afya ilianzisha mpango wa wahudumu wa jamii, ukiwa na watu takriban 12,000. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 walikuwa takriban 45,000. Wazo lenyewe halikuwa geni. Azimio la Alma-Ata la 1978 lilikuwa limekwisha kuwataja wahudumu wa aina hii, na Tanzania ilikuwa nao vijijini tangu enzi za Ujamaa. Kilichotofautiana ni hali ya jamii. Mahali ambapo jirani alikuwa amemuua jirani, kubisha hodi na kuuliza nani anakohoa halikuwa jambo dogo.

Ndiyo maana naona utaratibu wa kuwachagua una uzito mkubwa kuliko unavyopewa. Mhudumu huchaguliwa na wanakijiji wenyewe. Hutakiwa kujua kusoma na kuandika, na kuwa mtu anayeaminika. Katika kila umudugudu, yaani kijiji, palikuwa na mwanamume na mwanamke wa kushughulikia magonjwa ya kawaida, pamoja na mwanamke wa kufuatilia wajawazito na watoto wachanga. Katika wilaya za milima kama Musanze na Burera, ambako kufika kituo cha afya ni kupanda na kushuka kwa miguu, mtu wa kwanza kujua kuwa kuna ugonjwa ni huyu.

Kazi yenyewe ilibadilika polepole. Mwaka 2004, katika wilaya chache, wahudumu walianza kuwapa dawa za malaria watoto wa chini ya miaka mitano. Baadaye wakaongezewa nimonia na kuhara, kisha kipimo cha haraka cha malaria. Kwa mwanahistoria, kipimo hicho ni hatua kubwa: kabla yake homa nyingi ziliandikwa kuwa malaria bila kupimwa, baada yake, namba iliyo daftarini ilikuwa na ushahidi. Mwaka 2009, Musanze ilikuwa wilaya ya majaribio ya kutuma taarifa za wajawazito kwa ujumbe mfupi wa simu. Taarifa iliyokuwa ikingoja ripoti ya mwezi sasa iliweza kutoka mlimani siku hiyohiyo.

Mtihani mkubwa ulikuja kutoka ng'ambo ya mpaka. Mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini ulianza Agosti 2018, na Julai 2019 mgonjwa alithibitishwa Goma, mji unaopakana na Rubavu na ambao watu huvuka kwenda na kurudi kila siku. Hadi mlipuko ulipotangazwa kuisha Juni 2020, hakuna mgonjwa aliyethibitishwa Rwanda. Siwapi wahudumu wa jamii sifa yote, kwani palikuwa pia na upimaji wa joto mpakani na chanjo. Lakini kipimajoto cha mpakani hakimwoni aliyepita njia ya panya. Jirani yake humwona.

Hata hivyo, hawa ni watu wa kujitolea. Malipo yanayotokana na utendaji hupitia vyama vyao vya ushirika, ambavyo huyawekeza katika miradi kama ufugaji na kilimo. Mfumo huu una hekima yake, lakini saa za kutembelea nyumba hutolewa kwenye saa za shamba. Tukisifu mafanikio bila kutaja saa hizo, tunaandika historia nusu.

Kwa hiyo, sisi tunaosoma Kigali tunapofungua jedwali la magonjwa, tuulize nani aliyeijaza safu ya kwanza, na kwa nini wenye nyumba walimfungulia mlango. Siku majirani watakapoacha kumfungulia, au yeye atakaposhindwa kuliacha shamba lake, jedwali litaendelea kuchapishwa, ila halitakuwa likisema kweli.