Sir George Beaumont na Hiba ya Taswira Kumi na Sita

Katika mwaka 1823, wakati ambapo Ufaransa ilikuwa imekwisha kuwafungulia raia wake milango ya Louvre kwa muda wa miaka thelathini, na Uingereza, pamoja na ukwasi wake wote, haikuwa na nyumba hata moja ya taifa ya kuwekea taswira, Sir George Beaumont, kabaila wa Leicestershire aliyepata kuwa mbunge, alitoa ahadi kwamba yu radhi kulipa taifa taswira zake bora pasipo malipo yoyote, kwa masharti mawili: Serikali inunue mkusanyo wa marehemu John Julius Angerstein, tajiri wa bima, na ipatikane nyumba inayostahiki kuzihifadhi. Kwa bahati njema, Austria ililipa deni la vita ambalo wengi walikuwa wamekwisha kulikatia tamaa. Bunge likaidhinisha pauni 57,000 kwa taswira 38 za Angerstein, na tarehe 10 Mei 1824 nyumba yake iliyokuwa katika mtaa wa Pall Mall, London, ikafunguliwa kwa umma kuwa jumba la taifa la taswira.

Sir George alizaliwa mwaka 1753, akarithi cheo cha baroneti angali mtoto wa miaka minane, na pamoja na cheo akarithi ardhi ya Coleorton, ambayo chini yake mlikuwa na makaa ya mawe. Toka mwaka 1790 hata 1796 alikaa Bungeni kwa niaba ya Bere Alston, jimbo la wapiga kura wachache mno, ambamo kauli ya mwenye ardhi ndiyo iliyokuwa kura. Lakini siasa haikumkolea. Shauku yake ilikuwa uchoraji, aliofunzwa tangu alipokuwa mwanafunzi wa Eton, na ambao yeye mwenyewe aliufanya kwa bidii na kwa kipaji cha wastani.

Miongoni mwa milki yake yote hakuna aliyoihusudu kama taswira ndogo ya mchoraji Claude inayomwonyesha Hajiri, mama yake Ismaili, akijiwa na malaika. Aliisafirisha katika gari lake la farasi kila alikokwenda. Alipotimiza ahadi yake mwaka 1826 na kuzikabidhi taswira 16, zikiwamo kazi za Rubens, Rembrandt na Canaletto, Hajiri naye alikuwamo. Lakini haukupita muda mrefu mzee akashindwa kustahimili, akaomba aazimwe kile alichokitoa mwenyewe, akae nacho mpaka mauti yake. Wadhamini wa jumba hilo la taifa wakamkubalia, nami sioni aibu katika ombi hilo, kwani hiba isiyomuuma mtoaji haina uzito mkubwa.

Washairi nao walipata auni yake. Mwaka 1803 alimpa William Wordsworth kipande cha ardhi karibu na Keswick, apate kukaa jirani na rafiki yake Coleridge. Baadaye akamkaribisha pamoja na jamaa zake katika nyumba ya shamba la Coleorton, walikokaa tangu mwishoni mwa 1806 mpaka mwaka uliofuata. Na katika wasia wake akamwachia pauni 100 kwa kila mwaka.

Lakini ukarimu na uhakiki mwema si ndugu wa tumbo moja. Sir George, aliyewafanya mabingwa wa kale kuwa kibla chake, hakuweza kuivumilia nuru iliyozagaa katika kazi za Turner, akamwita yeye na wafuasi wake wachoraji weupe; na kwa kuwa neno lake lilikuwa na nguvu katika majumba ya wakubwa, Augustus Callcott, mmoja wa waliolengwa, alijizuia kuonyesha kazi zake mwaka 1813 na 1814. Hapo, kwa rai yangu, alidhulumu. Mchoraji John Constable alimjibu kwa upole zaidi. Inasimuliwa kwamba mwenyeji wake aliposifu rangi ya hudhurungi ya fidla kuukuu kuwa ndiyo iipasayo taswira nzima, Constable aliichukua fidla na kuilaza juu ya majani ya chanikiwiti mbele ya nyumba. Pamoja na hitilafu hiyo, alikaa Coleorton kwa majuma kadhaa mwaka 1823, akinakili kazi za Claude kwa taadhima ya mwanafunzi.

Sir George alifariki Februari 1827. Sanamu ya marumaru ya Michelangelo, aliyoinunua Roma mwaka 1822, ilikabidhiwa Chuo cha Kifalme cha Sanaa baada ya kufa kwa mkewe Margaret, nayo ingali huko. Turner, aliyefariki mwaka 1851, aliusia taswira zake mbili zitundikwe kando ya kazi za Claude katika jumba lile la taifa, na Constable alichora jiwe ambalo Sir George alilisimamisha Coleorton kwa kumbukumbu ya Joshua Reynolds, akaionyesha taswira hiyo mwaka 1836. Isabel, binti wa Constable, aliiacha kwa taifa mwaka 1888, nayo sasa imo katika jumba hilo hilo.