Kiungio cha Komeo

Fundi anayelaza bomba la maji ya mserereko katika vilima vya Mwakiro, huko Muyinga kaskazini-mashariki ya Burundi, ana kazi mbili kwenye kila kiungio: maji yasivuje, na bomba lisichomoke. Kazi ya kwanza kila mtu anaielewa. Ya pili haina hata jina la Kiswahili linalotumiwa na wote, ndiyo maana husahaulika kwenye mchoro, ikasahaulika kwenye orodha ya vifaa, na mwishowe mtaroni. Kiungio kinaweza kuwa kikavu kabisa leo, mpira wake umekaa vizuri, kisha kesho kikaachia chote kwa mara moja. Hakikuvuja, kilichomoka.

Nguvu inayokichomoa ni ya maji yenyewe, hata yakiwa yametulia. Kila mita 10 za mteremko huongeza takriban bar 1 ya presha. Tuseme chemchemi imetegwa mita 60 juu ya bonde, na bomba la plastiki lenye kipenyo cha nje cha milimita 110 limeishia bondeni kwa kizibo. Maji yatakisukuma kizibo hicho kwa uzito wa karibu kilo 570. Kwenye elbo ya nyuzi 90 msukumo huzidi, unafika kilo 800, na unaelekea nje ya kona. Katika bomba lililonyooka misukumo hii hukutana na kufutana, kwa hiyo sehemu kubwa ya mtaro haina taabu. Taabu iko penye kona, penye tii, penye valvu iliyofungwa, penye riduza na penye mwisho wa laini. Na Burundi ni nchi ya vilima, nyumba zimetawanyika kila mteremko. Laini inayofuata watu haiwezi kukwepa kona, wala haiwezi kukwepa kushuka bondeni na kupanda ng'ambo.

Zamani tatizo hili lilikuwa dogo. Mabomba ya chuma cha kusubu yaliyopeleka maji kwenye chemchemi za bustani za Versailles, Ufaransa, katika karne ya 17, yaliungwa kwa flanji na bolti, na bolti hazikubali kuvutwa. Lakini flanji haipindi. Ardhi ikititia kidogo, chuma hupasuka. Mwaka 1785 Thomas Simpson, mhandisi wa kampuni ya maji ya Chelsea mjini London, alileta kiungio cha jike na dume: ncha ya bomba moja inaingia kwenye mdomo mpana wa jingine. Kazi ikawa nyepesi na laini ikaweza kujipinda kufuata udongo. Katika karne ya 20 risasi iliyomiminwa mdomoni ikaacha nafasi kwa pete ya mpira, na fundi akaweza kuunga bomba kwa kulisukuma tu. Urahisi huo una bei yake: kinachoingia kwa kusukumwa hutoka kwa kusukumwa.

Hapo ndipo ilipozaliwa haja ya kiungio cha aina ya tatu, chenye mpira wa kuzuia maji na kifaa kingine, mbali na mpira, cha kuzuia dume lisirudi nyuma. Tukiite nini? Wahandisi wengi wa Burundi wamesoma kwa Kifaransa, na Kifaransa hukiita kwa neno linalotokana na komeo la mlango, *verrou*. Waliosoma kwa Kiingereza hukiita kiungio kilichozuiliwa, jina ambalo halisemi kimezuiliwa na nini. Nimekutana pia na pendekezo la "kiungio kinachohimili mvuto". Silipendi, kwa sababu shuleni mvuto ni ule wa dunia unaoangusha embe, na kwenye mradi wa maji ya mserereko mvuto huo ndio unaoendesha mradi mzima. "Kiungio imara" ni sifa tu. Muuza duka yeyote atakwambia viungio vyake vyote ni imara. "Kiungio kisichochomoka" ni ahadi ambayo hakuna kiwanda kinachoitoa, maana kila kiungio kina kikomo chake cha kilo.

Naona Kifaransa kimeshika penyewe. Kiungio cha komeo. Mlango wenye komeo unaweza kutikisika kidogo kwenye fremu, lakini haufunguki, na ndivyo kiungio hiki kinavyofanya kazi: kinacheza milimita kadhaa, kinapinda nyuzi chache, halafu kinagota. Neno linazaa pia vitenzi: kiungio hiki kimekomewa, kile hakijakomewa, tukomee mita ngapi? Fundi wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili jijini Bujumbura, anayesema *tiyo* na *robine*, atalielewa bila kamusi.

Komeo lenyewe lina sura nyingi. Katika mabomba makubwa ya chuma, ncha ya dume huwa na ukingo wa weldi, na ndani ya mdomo wa jike hukaa pete ya chuma inayounasa ukingo huo. Nyingine ni kola ya nje yenye kabari, ambazo bolti zikikazwa huuma ngozi ya bomba. Kadiri maji yanavyosukuma, ndivyo zinavyozidi kuuma. Baadhi ya kola hizo zina nati ambazo kichwa chake hukatika zikifika mkazo unaotakiwa, ili fundi asikisie. Katika mabomba madogo ya plastiki laini, komeo ni pete ya meno ndani ya koplingi ya kukaza kwa mkono. Pete hiyo ikigeuzwa, koplingi itakazika vizuri tu na haitashika kitu.

Kuunga kunaanza kama kiungio cha kawaida: futa mchanga kwenye mfereji wa mpira, chonga ncha iwe na mshazari, paka sabuni ya kulainishia (si girisi ya gari, mafuta ya petroli hula aina nyingi za mpira), sukuma hadi alama. Tofauti inakuja baada ya hapo, na wengi huiruka. Bomba likishaingia, lazima livutwe nyuma hadi komeo lishike. Lisipovutwa, maji yatalivuta yenyewe siku ya kufungulia, na kila kiungio kitarefuka. Milimita 5 si kitu, lakini viungio 20 mfululizo ni sentimita 10, na elbo iliyo mwisho wa msururu huo itasogea sentimita 10 ndani ya udongo, ikibeba tii na valvu zilizofungwa kwayo.

Plastiki nyeusi, ile ya polietilini inayokuja kwa roli, huleta mtego wake. Ikiunganishwa kwa kuyeyushwa, laini nzima inakuwa kipande kimoja na haihitaji komeo popote. Basi watu wanatulia. Lakini plastiki hiyo hufupika inapopoa, kiasi cha milimita 0.2 kwa kila mita kwa kila nyuzi 1. Mita 100 zilizolazwa juani mchana, zikafukiwa na kupoa nyuzi 15, zitajivuta karibu sentimita 30. Presha nayo inapoitanua kwa kipenyo, huifupisha kwa urefu. Palipo na polietilini pande zote hakuna kitakachotokea. Pale inapokutana na bomba gumu la PVC lenye kiungio cha mpira tupu, itachomoa dume la jirani yake, tena pengine si kiungio cha kwanza bali cha tatu au cha nne. Mahali pa kukomea ni hapo penye makutano, na mita kadhaa za PVC baada yake.

Kuna watakaosema zege latosha. Kweli, bonge la zege nyuma ya kona ni njia ya kale, na kwenye udongo mgumu ni rahisi kuliko komeo. Ila zege halizuii kitu peke yake, linaegemea udongo. Kwenye bonde lenye kinamasi, ambapo ndipo presha ilipo kubwa kuliko kote, udongo huo ni uji. Zege pia linahitaji siku za kukauka kabla ya majaribio ya presha, na mtu akichimba nyuma yake miaka 10 baadaye ili apitishe laini nyingine, kona imekosa mgongo. Kwenye daraja halina pa kuegemea kabisa. Komeo hutumia msuguano wa udongo kwenye mwili mzima wa bomba, ndiyo maana kukomea kiungio kimoja cha kona hakusaidii: msukumo huhamia kwenye kiungio kinachofuata. Lazima yakomewe mabomba kadhaa kila upande, mpaka msuguano utoshe.

Na hesabu isifanywe kwa presha ya kawaida tu. Mwanasayansi Nikolai Joukowsky alionyesha huko Moscow, mwaka 1898, kwamba valvu ikifungwa ghafla, mwendo wa maji hugeuka presha. Kwenye bomba la chuma, mwendo wa mita 1 kwa sekunde ukikatwa mara moja huleta karibu bar 10 za ziada. Kwenye PVC ni kama 4.

Wajapani wamelifikisha komeo mbali zaidi. Viungio vyao vya tetemeko hurefuka na kufupika kwa asilimia 1 ya urefu wa bomba kabla ya kugota, na vile vya bomba la milimita 100 huhimili kilonyutoni 300, zaidi ya tani 30. Tetemeko la Kobe la Januari 1995 lilipochomoa viungio vya kawaida mjini humo, vyenye komeo la aina hiyo vilibaki vimeshikana.

Mwakiro haihitaji vifaa vya Kobe. Inahitaji mchoro unaoonyesha, kwa kila kona, viungio vipi ni vya komeo na vinaendelea mita ngapi kila upande, uandikwe kwa neno ambalo mhandisi na fundi wanalisoma sawasawa. Wanaoandaa orodha za istilahi za maji, wakiwemo wa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki kule Zanzibar, waliweke neno hili mbele ya mafundi walijaribu. Wakipata bora zaidi, watuletee.