Ngonjera: Kunena kwa Zamu Mbele ya Mgeni Rasmi

Ngonjera ni utungo wa kishairi unaogawiwa watu wawili au zaidi, ambao huusema kwa zamu mbele ya hadhira, upande mmoja ukihoji au kupinga na mwingine ukijibu, mpaka pande zote zifikie makubaliano. Maelezo haya, ambayo wanafunzi wa fasihi simulizi huyakariri kwa ajili ya mtihani, ni sahihi lakini hayatoshi, kwa sababu yanaitazama ngonjera kama maandishi yaliyokwisha kukamilika, ilhali sehemu kubwa ya historia yake ilitendeka mahali ambapo maandishi yenyewe yalikuwa chaki ubaoni, iliyofutwa mara tu watoto walipomaliza kunakili beti zao. Kwa miongo kadhaa shule za Tanzania zilifundisha kwa njia ya ngonjera kazi ngumu ambayo haikuwa na kipindi chake katika ratiba, nayo ni namna watu kumi wanavyoandaa hoja moja, wakagawana vipande vyake, wakaitoa kwa sauti mbele ya watu waliowazidi umri na cheo.

Kujibizana kwa mashairi ni jambo la kale kuliko jina ngonjera. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki karibu na mwaka 1840, alitunga mashairi yaliyoingia moja kwa moja katika ugomvi wa mji wake na Lamu, na majibu yalirudi kwa mashairi vilevile. Baada ya mwaka 1923, gazeti la Mambo Leo lilipoanza kuchapishwa Dar es Salaam chini ya serikali ya kikoloni, mabishano ya namna hiyo yalihamia katika kurasa zake, na mtunzi wa Tanga aliweza kumtega wa Tabora kwa fumbo, kisha akangoja toleo lijalo aone kama limefumbuliwa. Desturi hii huitwa malumbano, yaani mapambano ya washairi ambamo kila mmoja hutunga mwenyewe na hakuna ajuaye nani atazidiwa. Tofauti yake na ngonjera ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwani mlumbi hujitayarisha peke yake na hujibu jambo alilolisikia sasa hivi au alilolisoma jana, wakati mghani wa ngonjera hujibu swali ambalo jibu lake amelishika kichwani kwa majuma mawili.

Anayehesabiwa kuwa ndiye aliyeipa ngonjera jina na umbo ni Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma aliyezaliwa mwaka 1917 na ambaye kwa nyakati mbalimbali alikuwa mwalimu, karani na hakimu. Kabla ya ngonjera alikwisha kuandika historia ya watu wake wa Ugogo, na alikuwa Mkatoliki aliyezitia Injili na Zaburi katika utenzi, yaani shairi refu la masimulizi, ambalo kwa karne nyingi lilikuwa chombo cha wanazuoni wa Kiislamu wa pwani. Mtu wa bara, wa dini nyingine, ambaye Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake, alizishika kanuni za ushairi wa pwani kwa ukali kuliko watu wengi wa pwani. Huenda hilo ndilo lililomwezesha kuona kwamba kanuni hizo zingeweza kufundishwa popote, hata kwa mtoto wa kijiji ambacho bahari haijapata kutajwa ila katika jiografia.

Mnyampala aliongoza UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, katika miaka ambayo serikali ilikuwa ikitafuta sauti ya kuifikisha siasa yake vijijini. Azimio la Arusha, lililoitangaza siasa hiyo tarehe 5 Februari 1967, lilikuwa na maneno ambayo wananchi wengi hawakuwa wameyazoea, kama vile ubepari, unyonyaji na njia kuu za uchumi, na idadi kubwa ya wananchi hao hawakujua kusoma. Mwaka 1968 Rais Julius Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa mshairi na mfasiri wa Shakespeare, aliwataka washairi walifafanue Azimio kwa watu, na ngonjera ikawa mojawapo ya majibu makubwa ya wito huo. Mnyampala alifariki Juni 1969, na kitabu cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA kilitoka mwaka 1970, kikafuatwa na cha pili mwaka 1971, hivyo mwasisi hakuona sanaa yake ikienea kwa njia ya chapa. Vitabu hivyo, hata hivyo, vilikuwa vielelezo zaidi kuliko hazina ya kughaniwa, kwa kuwa walimu wengi walijifunza umbo, kisha wakatunga za kwao kulingana na ugeni uliokuwa unakuja.

Umbo lenyewe linastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndilo lililoibeba kazi ya kundi. Ubeti wa kawaida una mishororo minne, na kila mshororo una mizani 16, yaani silabi 16, zilizogawanyika katika vipande viwili vya mizani 8, cha kwanza kikiitwa ukwapi na cha pili utao. Mshororo kama huu, uliobuniwa hapa kwa kuonyesha hesabu tu, unatosha kuwa mfano: «Mwalimu twakuuliza, hoja yetu utujibu.» Kila kipande ni pumzi moja ya mtoto wa miaka kumi, na kwa sababu mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, vipande vyote hutua kwa namna moja, kiasi kwamba watoto ishirini ambao hawajapata kuimba pamoja wanaweza kusema kwa sauti moja bila mtu wa kuwapigia ngoma. Vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana katikati na mwishoni mwa mishororo, navyo vilikuwa na kazi zaidi ya kupendeza sikio, kwani aliyesahau neno aliweza kulikumbuka kwa kuufuata mlio aliokwisha kuutaja mara mbili. Mshororo wa mwisho unaporudiwa katika kila ubeti huitwa kibwagizo, na katika ngonjera ndio uliosemwa na kundi zima, kwa hiyo hata mtoto mwenye haya nyingi, asiyepewa ubeti wa peke yake, alikuwa na mahali pake pa kusikika.

Maandalizi yalianza kwa mwalimu, mara nyingi yule wa Kiswahili, kutunga beti usiku na kuziandika ubaoni asubuhi. Kilichofuata ni ugawaji wa nafasi, na hapa mwalimu mzoefu hakutazama alama za darasani, bali alitazama sauti, kwa sababu mahali pa kughani palikuwa uwanja wa wazi au chini ya mwembe, mara nyingi bila kipaza sauti, na sauti isiyofika safu ya mwisho ya wazazi ilikuwa hasara kwa kundi zima hata kama mwenye nayo alikuwa wa kwanza katika hesabu. Nafasi ya mpinzani, yule mvivu, mlevi, mkabaila au asiyetaka kujiunga na kisomo cha watu wazima, ilikwenda kwa mtoto mcheshi, naye ndiye aliyekumbukwa na watazamaji kuliko wote. Mwalimu angependa kila mmoja akumbuke aliyesema kweli, lakini hadhira ilikuwa na upendeleo wake.

Ugumu wa mazoezi haukuwa katika kukariri, maana watoto wa shule hizo walikariri mengi, bali katika maungio. Kila mghani alilazimika kuujua si ubeti wake tu, bali pia mshororo wa mwisho wa anayemtangulia, kwa sababu huo ndio uliokuwa ishara ya kupiga hatua mbele. Akichelewa, kimya huingia, na kimya hicho humfikia anayemfuata kama swali: je, huyu amesahau, au niruke niseme wangu? Kundi lililofanya mazoezi vizuri lilikuwa na njia yake ya kuziba pengo, kwa mfano wa nyuma kumnong'oneza wa mbele neno la kwanza la ukwapi, au wote kuingia na kibwagizo mapema ili aliyekwama apate muda wa kujikusanya. Mazoezi ya namna hiyo hayakuandikwa katika kitabu chochote cha ushairi, wala hayakuhitaji kuandikwa, lakini yanaonyesha kwamba kundi lilijifunza kubeba kosa la mmoja bila kulitangaza.

Kuenea kwa ngonjera hakuwezi kuelezwa kwa siasa peke yake. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, uliojulikana kwa herufi zake za Kiingereza, UPE, ulianza kutekelezwa nchini kote mwaka 1977 kufuatia Azimio la Musoma la mwaka 1974, na katika miaka michache idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipita milioni 3, huku vitabu, madawati na walimu waliosomea kazi vikiwa haba. Maigizo yalihitaji jukwaa na mavazi, na ngoma ilihitaji wapigaji na wakati mwingine ilileta ubishi wa kabila gani ichezwe, lakini ngonjera ilihitaji kipande cha chaki, sare zilizofuliwa na mwalimu anayejua kuhesabu hadi nane. Sanaa isiyo na gharama ilipata nchi isiyo na fedha. Sikukuu ya Saba Saba, mahafali ya darasa la saba, ufunguzi wa zahanati na ziara ya mkuu wa wilaya, kila moja ilikuwa na ngonjera yake, kiasi kwamba shughuli bila ngonjera ilionekana kama pilau bila kachumbari.

Wataalamu wa sanaa hawakuwa wapole nayo. Penina Mlama, mwandishi wa tamthilia na mwalimu wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni miongoni mwa walioonyesha jinsi sanaa za kipindi hicho zilivyofungwa kwenye kuitangaza siasa ya chama tawala badala ya kuichunguza. Lawama hiyo ni ya haki. Mpinzani katika ngonjera hana nafasi ya kushinda. Hoja zake hutungwa na mtu yuleyule anayetunga majibu, na ubeti wa mwisho humkuta ameongoka, anashukuru na kuahidi. Mjadala ambao mwisho wake umeandikwa ubaoni kabla ya kuanza ni mjadala wa jina tu. Hata hivyo ni vigumu kuona jinsi watoto wa darasa la tano wangeweza kupewa mjadala wa kweli mbele ya viongozi wa chama pekee kilichoruhusiwa kisheria, na ni vigumu zaidi kuona jinsi kundi lingeweza kufanya mazoezi ya jambo ambalo mwisho wake haujulikani. Kasoro ya ngonjera kama fikra ndiyo iliyokuwa nguvu yake kama zoezi.

Zaidi ya hayo, lawama hiyo huziacha kando beti za kuagia. Katika shughuli za shule, hotuba iliyoandikwa na kusomwa kwa niaba ya walimu na wanafunzi huitwa risala, nayo hufuata adabu ya kiofisi, ambapo mafanikio hutajwa kwanza na matatizo hutajwa baadaye kwa lugha laini. Ngonjera, baada ya kumaliza kumwongoa mlevi au mvivu, mara nyingi ilimgeukia mgeni rasmi, yaani kiongozi aliyealikwa kuiongoza shughuli, ikamwambia mbele ya wazazi wapiga kura kwamba darasa la nne linakaa chini na kisima kimekauka. Ombi lililokuwa na vina lilisamehewa ukali ambao katika risala ungehesabika kuwa utovu wa nidhamu, na kwa kuwa lilisemwa na watoto wanane, hapakuwa na mmoja wa kuitwa pembeni aulizwe nani kamtuma, ingawa kila mtu uwanjani alijua mwandiko wa mwalimu.

Tangu miaka ya 1980 mada zimebadilika kuliko umbo. Mbepari aliondoka taratibu, hasa baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992, na mahali pake pakachukuliwa na anayekataa kutumia chandarua, anayekata misitu, anayemwoza binti aliye shuleni au anayedhani kwamba UKIMWI ni uchawi, na mashirika yanayofadhili kampeni hizo yalikuta chombo kilichokwisha kuzoeleka. Neno lenyewe nalo limepata maana ya pili mitaani, ambako kumwambia mtu aache ngonjera ni kumwambia aache porojo, maelezo marefu yaliyopangwa ambayo hayafiki popote. Maana hiyo hutupiwa zaidi watu wa majukwaani, ambao wengi wao walisimama zamani kwenye mstari chini ya mwembe, mikono imenyooka mapajani, wakisubiri kina cha jirani yao ili wapige hatua moja mbele.