Westminster Hall

Westminster Hall (kwa Kiswahili: Ukumbi wa Westminster) ni ukumbi wa kihistoria jijini London, Uingereza. Ndio sehemu ya kale kuliko zote katika majengo ya Bunge la nchi hiyo.

Jina

Jina "Westminster" lina maneno mawili ya Kiingereza cha kale: "magharibi" na "monasteri". Neno "minster" lina asili moja na "monasteri" ya Kiswahili, yaani Kilatini monasterium. Monasteri hiyo ya Wabenedikto ilikuwa magharibi mwa mji wa kale wa London. Hata hivyo ukumbi haukuwa mali ya wamonaki, bali sehemu ya ikulu iliyojengwa jirani nao. Hivyo jina la nyumba ya sala likahamia ikulu, kisha Bunge. Leo magazeti yakiandika "Westminster", mara nyingi yanamaanisha siasa za Uingereza.

Historia

Ujenzi ulianza mwaka 1097 chini ya mfalme William II, na ukumbi ukatumika mara ya kwanza mwaka 1099. Una urefu wa mita 73 hivi na upana wa mita 20. Mwaka 1393 Richard II aliagiza paa jipya, kazi ya seremala Hugh Herland. Boriti fupi zinachomoza kutoka kila ukuta na kubeba matao ya mwaloni, hata paa likasimama bila nguzo katikati.

Hapa wafalme walifanya karamu za kutawazwa, ya mwisho ikiwa ya George IV mwaka 1821. Mahakama kuu pia zilikaa humo hadi 1882. Thomas More alihukumiwa kifo hapo mwaka 1535.

Kesi iliyotikisa nchi ni ya mfalme Charles I, Januari 1649. Alikataa kujibu mashtaka, akidai hakuna mahakama yenye mamlaka juu ya mfalme. Alihukumiwa katika ukumbi uleule wa karamu za watangulizi wake, akakatwa kichwa tarehe 30 Januari.

Moto wa mwaka 1834 uliteketeza sehemu kubwa ya ikulu, lakini wazimamoto waliuokoa ukumbi. Mabomu yalipoanguka Mei 1941 uliokolewa tena, ilhali chumba cha Baraza la Makabwela kiliungua.

Nelson Mandela alihutubia mabaraza yote mawili humo mwaka 1996. Mwili wa Winston Churchill uliwekwa hapo mwaka 1965, na wa Malkia Elizabeth II Septemba 2022, wananchi wakipanga foleni usiku na mchana kutoa heshima za mwisho.