Kutoka Kaseti Hadi Bando: Gemu za Mkononi katika Nchi ya Chai

Katika Kericho na Bomet nchini Kenya, mwaka una msimu wake wa fedha. Mkulima mdogo hupeleka majani mabichi kituoni, hupata malipo ya kila mwezi, kisha husubiri bonasi, ambayo kwa kawaida huja kati ya Septemba na Oktoba. Bonasi hulipa karo, hununua mabati na ng'ombe wa maziwa, na kikibaki kitu, kijana naye huthubutu kutoa ombi lake. Huko Japani na Marekani, watengenezaji wa gemu nao hutoa kazi zao kubwa miezi hiyohiyo, wakiwinda wanunuzi wa Krismasi. Kwa miongo mitatu misimu hii miwili haikukutana, kwa kuwa gemu mpya ilifika huku ikiwa tayari imezeeka. Leo inafika siku ileile inapotoka. Lakini kadiri umbali ulivyopungua, ndivyo umiliki nao ulivyopungua, na hili la pili halisemwi vya kutosha.

Mwaka 1980 kampuni ya Nintendo ilianza kuuza Game & Watch, kifaa kidogo kilichobuniwa na Gunpei Yokoi, kila kimoja na gemu yake. Tarehe 21 Aprili 1989 ikaja Game Boy, iliyotumia betri nne ndogo na kubadilishwa kaseti. Tetris, iliyobuniwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984, ndiyo iliyoipa umaarufu. Kaseti yake ilibeba kilobaiti 32 tu, na gemu nzima ilikuwa humo.

Katika vijiji vya chai, wengi hawakuiona Game Boy. Walichokiona miaka ya 1990 ni brick game kutoka China, ambayo boksi lake lilijigamba kuwa na gemu 9999, ingawa nyingi zilikuwa Tetris ileile iliyobadilishwa kasi. Ilitosha. Nyumba nyingi hazikuwa na umeme, na betri zake ziliuzwa katika kila duka la kijiji. Hakuna aliyeuliza ilitoka lini. Swali lilikuwa zamu ya nani, kwa sababu kifaa kimoja kilizunguka kwa ndugu, binamu na majirani.

Kisha ikaja simu. Safaricom na Kencell zilianza biashara mwaka 2000, na Nokia zikaingia hadi vituo vya majani zikiwa na gemu ya nyoka, ambayo Taneli Armanto aliiandika kwa ajili ya Nokia 6110 ya mwaka 1997. Watu wazima ambao wasingegusa kifaa cha watoto walijikuta wakimlisha nyoka huku wakisubiri mizani. Gemu hiyo haikununuliwa wala kupakuliwa, ilikuwa ndani ya simu.

PSP ya Sony, iliyotoka Japani Desemba 2004, ilileta picha ambazo hapo awali zilihitaji televisheni. Diski zake, zilizoitwa UMD, zilikuwa adimu nje ya Nairobi. Njia ya wengi ikawa fundi: unampelekea PSP na memori kadi, anabadilisha programu yake na kukujazia gemu. Ulikuwa uharamia, na waliozitengeneza gemu hizo hawakupata hata senti. Lakini ulistawi mahali ambapo duka halali halikuwepo kabisa.

Mwaka 2009 nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia bahari, na Kenya ikaanza kuachana na intaneti ghali ya setilaiti. Mwaka huohuo Sony ilitoa PSP Go, isiyo na mahali pa diski: gemu zote zilipaswa kupakuliwa. Kwa nchi ya chai wazo hilo lilikuja mapema mno. Njia iliyotegemewa zaidi ilikuwa jamaa aliyeko ng'ambo, kwani mbio zimewapeleka vijana wengi wa Kikalenjin katika vyuo vya Marekani. Hata njia hiyo ilikuwa na mtego. Nintendo 3DS ya mwaka 2011 ilifungwa kwa kanda, hivyo konsoli iliyotoka Marekani ilikataa kaseti iliyonunuliwa Ulaya.

Switch ya Nintendo, iliyotoka tarehe 3 Machi 2017, iliondoa kikwazo hicho. Miaka mitatu baadaye gemu yake ya Animal Crossing: New Horizons ilitoka tarehe 20 Machi 2020, siku chache baada ya shule za Kenya kufungwa kwa sababu ya korona. Mizigo ilikwama, na kupakua kukawa ndiyo njia ya kuipata siku ileile. Mwaka 2022 M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, iliungana na Visa kutoa kadi ya mtandaoni ya kulipia maduka ya nje.

Kwa hiyo gemu ya Switch iitwayo Tears of the Kingdom ilipotoka tarehe 12 Mei 2023, kijana wa Litein, Kericho, mwenye bando aliweza kuicheza siku moja na mwenzake wa Osaka. Lakini ilikuwa na takriban gigabaiti 16, mara nusu milioni ya kaseti ile ya Tetris. Na ili kununua mtandaoni, wengi hujisajili kana kwamba wanaishi Marekani au Afrika Kusini, maana maduka makubwa ya konsoli hayaiweki Kenya katika orodha ya nchi zao.

Hapo ndipo umiliki unapoponyoka. Kaseti uliweza kuiuza, kuiazimisha au kumwachia mdogo wako. Gemu iliyopakuliwa inafanana na nyumba ya mfanyakazi katika shamba kubwa la chai: unaishi humo kwa miaka, lakini ruhusa ikiisha, unatoka. Tarehe 27 Machi 2023 Nintendo ilifunga mauzo katika duka la 3DS. Walionunua awali bado waliruhusiwa kupakua, lakini gemu ambazo hazikuwahi kuwa na kaseti hazikuweza kununuliwa tena humo. Switch 2, iliyotoka tarehe 5 Juni 2025, imeleta kadi ambazo ni ufunguo tu: unaweza kumwazimisha rafiki, lakini bila intaneti ya kuipakua gemu hazimfai kitu.

Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2024 inayowataka wauzaji waseme wazi kwamba mnunuzi anapewa leseni, si mali. Kenya haina sababu ya kubaki nyuma. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata taarifa anazohitaji kuhusu bidhaa na huduma, na serikali tayari inatoza VAT ya asilimia 16 kwa huduma za kidijitali za kampuni za nje. Anayetoza kodi ana wajibu wa kumlinda anayeilipa. Mnunuzi anayelazimika kujiita Mmarekani hawezi kutegemea ulinzi huo duka linapofungwa. Kampuni ziifungulie Kenya duka kwa jina lake, zipokee shilingi, zitaje masharti kabla ya malipo, na ziendelee kuuza kadi zenye gemu kamili. Mkulima hupimiwa majani yake mbele ya macho yake na kupewa risiti. Mwanawe anayetumia fedha za bonasi hiyo naye anastahili kujua amenunua nini, na kwa muda gani.