Kupima Mafunzo ya Walimu wa Sayansi

Wenyeji wa Nachingwea hawahitaji kuelezwa hatari ya kipimo kibaya. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza hapa, na Kongwa na Urambo, ile kazi kubwa ya kulima karanga. Ekari zaidi ya milioni tatu zilikusudiwa kulimwa. Matrekta yalikuja, visiki viking'olewa, na reli ikajengwa kutoka pwani. Lakini karanga zenyewe hazikutoka kama ilivyotazamiwa, na mwezi wa Januari 1951 kazi ikavunjwa, baada ya kupotea paundi milioni 36 hivi.

Twaikumbusha habari hii kwa kuwa jambo la namna moja twaliona katika mafunzo yetu sisi walimu. Mwalimu wa sayansi akitoka Kilimarondo kwenda kusoma kwa juma moja, hurudi na cheti, na jina lake hutiwa katika hesabu ya waliofunzwa. Je, hapo karanga zimevunwa, au msitu umefyekwa tu?

Uingereza kwao walijaribu kupima mavuno. Tangu 1862 fedha za shule zilitegemea namna watoto walivyojibu mbele ya mkaguzi katika kusoma, kuandika na hesabu. Walimu wakayashika hayo matatu, mengine wakayapuuza, na watoto wakakariri vitabu. Mpango huo uliachwa kidogo kidogo katika miaka ya 1890.

Katika nchi yetu jaribio kubwa lilizaliwa na shida. Mwezi wa Novemba 1974, huko Musoma, TANU iliazimia kwamba ifikapo 1977 watoto wote wa umri wa shule wawe wamepata nafasi. Walimu hawakutosha. Basi kuanzia 1976 vijana waliomaliza darasa la saba waliingizwa madarasani, wakifundisha huku wakijifunza ualimu kwa masomo ya posta, kwa redio, na kwa wakufunzi waliowatembelea. Walioanza walikuwa 45,000 hivi, na zaidi ya 35,000 walifaulu. Watu wengi waliwadharau, wakawaita "walimu wa UPE", na jina hilo likawa kama tusi.

Dharau si kipimo. Mwaka 1989 wataalamu wawili, Mählck na Temu, walitoa kitabu cha uchunguzi, kilichopigwa chapa na chuo cha UNESCO cha Paris, wakiwalinganisha walimu hao na wenzao waliopita vyuoni. Kwa mambo mengi tofauti haikuwa kubwa kama watu walivyodhani. Lakini katika sayansi waliopita vyuoni walikuwa mbele.

Kwetu sisi hilo si ajabu. Redio yaweza kueleza kwamba hewa hupanuka kwa joto. Haiwezi kumtia mwalimu chupa na puto mkononi. Na jaribio likikataa mbele ya watoto hamsini, barua ya posta haimwokoi. Angalia pia jambo hili: kama maksi zote zingalijumlishwa kuwa moja, upungufu wa sayansi ungalifichika, nao wakubwa wangaliridhika.

Wenzetu wa Kenya walikwenda mbele hatua moja. Mwaka 1998, kwa msaada wa Japani, walianza mpango ulioitwa SMASSE kwa walimu wa hisabati na sayansi wa shule za sekondari, kwanza katika wilaya tisa, na tangu 2003 nchi nzima. Walimu walifunzwa kutengeneza vifaa kwa vitu vilivyo karibu, kisha wapimaji wakaingia darasani kuona kama mafunzo yamefika huko. Kazi hiyo ina gharama, tena ina udhaifu wake, kwa maana mwalimu ajuaye siku ya mgeni hupamba somo kama bibi arusi.

Tangu 2020 Tanzania nayo ina utaratibu wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, uitwao MEWAKA, ambao walimu hukutana shuleni mwao au katika kata na kufundishana. Wafaa sana mahali kama Kilimarondo, palipo mbali na mji. Lakini mikutano nayo huhesabika upesi kama ekari, na orodha ya mahudhurio hujazwa kwa kalamu moja.

Sisi twaona yafaa mwalimu mwenzetu aingie darasani kabla ya mafunzo, na tena muhula mmoja ukiisha kupita, bila kutaja siku. Aandike mambo machache tu: ni watoto wangapi walioshika kifaa kwa mikono yao, ni maswali mangapi yaliyotoka kwao, na mwalimu alifanya nini jaribio lilipokataa. Kisha aombe daftari la mtoto aketiye nyuma kabisa, alisome.