Stima Kingani Iliyopata Kuwa Manowari ya Kiingereza

Ndugu zetu wa Kibondo na Kasulu, wanaposhuka kutoka milima ya Buha kwenda Kigoma, hulitazama Ziwa la Tanganyika kama mahali pa mitumbwi na dagaa. Lakini maji yale yaliona vita vya manowari, na moja katika hizo ilipigana chini ya bandera mbili.

Jina lake la kwanza lilikuwa Kingani, jina la mto ulio karibu na Bagamoyo. Ilikuwa stima ndogo ya Wadachi, nayo ililetwa kutoka pwani kwa reli, ambayo ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Mzinga wake ulikuwa mbele, wala haukuweza kupiga nyuma. Kasoro hiyo ndiyo iliyoiponza.

Waingereza walileta mashua mbili za mota, Mimi na Toutou, kila moja yapata futi 40. Zilitoka Uingereza Juni 1915 hadi Cape Town, zikapanda reli mpaka Fungurume katika Kongo, kisha zikaburutwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashini za mvuke na maksai. Sifa za safari hiyo alipewa Komanda Spicer-Simson. Nasi twaona haki kuwataja pia Waafrika wengi waliofyeka njia, wakajenga madaraja na kuteka maji, ambao majina yao hayakuandikwa.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 26 Desemba 1915, Kingani ilipita mbele ya Lukuga ikipeleleza. Mashua zile zikatoka zikaifuata kwa nyuma. Vita havikupita dakika 11. Nahodha wake, Junge, aliuawa, na stima ikatekwa, ikiingia maji kwa tundu la risasi. Ikavutwa pwani, ikazibwa, ikapewa mzinga mkubwa zaidi, na jina jipya: Fifi.

Desturi hiyo ni ya kale. Katika karne ya kumi na saba, Waingereza walipopigana na Waholanzi, marikebu iliyotekwa ilitiwa mabaharia wapya, ikarudishwa vitani kumpiga aliyeiunda. Fifi ilikuwa manowari ya kwanza ya Wadachi katika vita vile kutekwa na kuingizwa katika jeshi la majini la Mfalme.

Huko Kigoma Wadachi hawakujua yaliyoipata Kingani. Wakatuma Hedwig von Wissmann kuitafuta. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig ilikutana na huyo aliyetafutwa, lakini sasa alikuwa adui. Mimi, yenye mbio, ikaisumbua kwa nyuma. Fifi ikafuata polepole, mzinga wake ukakwama kwa muda, na risasi zilikuwa zimebaki chache sana. Za mwisho zikaipata shabaha, Hedwig ikazama.

Kulipokucha ikaonekana Graf von Götzen, kubwa kupita zote. Spicer-Simson hakutaka kupigana nayo. Wengine walimlaumu, sisi twaona hesabu yake haikuwa mbaya, kwani Fifi mbele ya Götzen ilikuwa kama kifaranga mbele ya mwewe.

Basi hazikupigana kamwe. Tarehe 26 Julai 1916 Wadachi wenyewe waliizamisha Götzen karibu na Kigoma, mitambo yake ikiwa imepakwa mafuta mazito isiliwe na kutu. Siku mbili baadaye Wabelgiji waliingia mjini. Götzen iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari, nayo ikiwa chini ya Waingereza, kwa jina la Liemba.